Wosia kabla ya arobaini: mwongozo wa kuandika ukiwa mkazi wa Tanga

Ukitaja wosia barazani, iwe Ngamiani au Makorora, majibu mawili hayachelewi. La kwanza: "Mimi nina nini hata niandike wosia?" La pili husemwa kwa kujiamini zaidi: "Sisi Waislamu mambo yetu yameshagawanywa, karatasi ya nini tena?" Lipo na la tatu ambalo halitamkwi ila unaliona usoni, kwamba kuandika wosia ni kujichuria.

Hilo la pili ndilo zito, kwa hiyo tuanze nalo. Ni kweli mafungu yamepangwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Lakini aya zote mbili zinasema mafungu hayo yatolewe baada ya wosia na deni. Na ipo hadithi mashuhuri ya Ibn Umar inayomhimiza Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wosia wake kuwa umeandikwa. Sheria inajua thumni ya mjane, yaani moja ya nane. Haijui kwamba kuna ekari mbili za michungwa Muheza ambazo karatasi yake ya kununulia iko kwa shemeji, wala kwamba injini ya mashua ilinunuliwa nusu kwa nusu na jirani. Hayo unayajua wewe peke yako. Ukiondoka nayo, wanao watayatafuta kwenye kikao cha arobaini, na wengine watayapata kwa kelele.

Anayedai hana kitu, ajiulize mambo matatu. Ana mtoto aliye chini ya miaka 18? Anadaiwa au anadai? Ana chochote, hata cherehani, hisa za kikoba au salio la simu? Likikubali moja tu, ana cha kuandika. Na kama ni mtu mzima mwenye akili timamu, sheria haimzuii. Wosia haungoji uzee wala ugonjwa. Tena ule ulioandikwa mtu akiwa kitandani hospitali ya Bombo, watoto nusu wako wodini na nusu hawana habari, ndio unaopingwa kwa urahisi kuliko wote.

Hatua ya 1: Jua utaangukia sheria gani

Tanzania Bara haina sheria moja ya mirathi. Zipo tatu: ya Kiislamu, ya kimila, na ile ya kiserikali ambayo mpaka leo msingi wake ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa huku enzi za Waingereza. Ni ipi itakayotumika kwako, mahakama huangalia ulivyoishi na uliyoyasema au kuyaandika ulipokuwa hai. Jina peke yake halitoshi. Kwa hiyo sentensi moja ndani ya wosia, "Mimi ni Mwislamu na nataka mirathi yangu ifuate sheria ya Kiislamu", au "Mimi ni Mkristo na sifuati mila za ukoo katika mirathi", inaweza kuwaokoa warithi wako na mabishano marefu mbele ya hakimu.

Kwa watu wa kwetu kuna jambo la kuangaliwa zaidi. Kanuni za mirathi za kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 ziliwalenga watu wanaofuata ukoo wa baba. Wadigo na Wazigua kwa asili ukoo wao hupita kwa mama, na zamani mpwa ndiye aliyemrithi mjomba wake. Uislamu umebadilisha mengi hapo, ila mwangwi wa desturi haujakatika: bado wapo wajomba na wapwa wanaokuja msibani na madai ya shamba. Kama hutaki mali yako ivutwe huku na huku, andika.

Kanuni hizo za 1963 ni kali kwa mwanamke. Mjane hapewi fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Kutunzwa kwake kunaachwa mikononi mwa watoto. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ilitoa uamuzi katika shauri la wajane wawili Watanzania, na ikaitaka serikali izirekebishe kanuni hizo. Mume anayeishi kwa mila asikae kungojea sheria ibadilike. Amwandikie mkewe.

Hatua ya 2: Orodhesha mali, na hapa usiwe na haraka

Chukua daftari. Hii ndiyo kazi yenyewe. Kuandika wosia baadaye ni kunakili tu. Kwa kila kitu andika ni nini, kiko wapi, ulikipataje, karatasi yake iko wapi, na nani mwingine ana mkono ndani yake.

Nyumba na viwanja huja mbele. Andika mtaa, namba ya kiwanja na kitalu kama vipo, na aina ya karatasi uliyonayo: hati miliki, ofa, hati ya kimila kwa ardhi ya kijijini, au ule mkataba wa kununulia uliogongwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa. "Nyumba yangu ya Ngamiani" haitoshi kwa mtu mwenye nyumba mbili zilizopakana barabara ya kumi na mbili na ya kumi na tatu. Taja na wapangaji: nani yuko chumba gani, amelipa kodi mpaka lini. Miezi ya msiba ndiyo miezi ambayo kodi huliwa na aliyewahi kugonga mlango.

Mashambani taja na miti, usitaje ardhi peke yake. Huku pwani mnazi na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili: aliyepanda ni huyu, mwenye shamba ni yule. Kama minazi yako imesimama kwenye shamba la mtu, au ya mtu imesimama kwako, iandike, na iko upande gani. Kama umeiweka rehani ukala fedha, iandike vilevile, na umebakiza kiasi gani.

Halafu vitu vya kazi. Mashua, nyavu, injini, bodaboda, jokofu la dukani, mashine ya kukoboa. Mvuvi wa Deep Sea anaweza kuwa hana nyumba, lakini chombo chake kina thamani ya nyumba, na mara nyingi kina washirika. Je, injini ni yako na chombo ni cha mwingine? Mgawo wa samaki hukatwaje? Nahodha na mabaharia wanajua, mkeo pengine hajui.

Fedha mwishoni: benki gani na tawi gani, SACCOS, kikoba, mitandao ya simu. Usiandike namba za siri ndani ya wosia. Utasomwa na watu wengi. Yule uliyemjaza benki kuwa ndugu wa karibu hawi mrithi kwa sababu hiyo. Ni mtu wa kupigiwa simu. Kwenye chama cha ushirika fomu ya kuteua mtu wa kulipwa ina nguvu zaidi, basi ipitie ilingane na utakachoandika; wako waliomjaza mchumba wa zamani na wamesahau. Mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, yana sheria zake na wategemezi wake, wosia wako hauyagawi. Cha kufanya ni kuhakikisha taarifa za mwenza na watoto kule kwenye mfuko ziko sawa.

Sasa geuza ukurasa, uandike visivyo vyako. Sehemu hii hurukwa na wengi, na humo ndimo kesi zinamozaliwa.

Nyumba ya marehemu baba ambayo haijawahi kugawanywa si yako, hata kama umeishi humo miaka yote, umeezeka bati jipya na kulipa kodi ya jengo. Yako ni fungu lako tu. Ukitaka kuiusia yote, kwanza fungueni mirathi ya mzee, dada zako wapate chao au wakuuzie. Mali ya wakfu haiusiwi kabisa. Alichochuma mkeo kwa biashara yake ya vitumbua au dera ni chake, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mwanamke aliyeolewa kuwa na haki ya kumiliki mali sawa na mume. Na hati yenye majina yenu wawili itazamwe imeandikwaje: ikiwa ni umiliki wa pamoja, mmoja akifa ardhi humwangukia aliyebaki, ikiwa kila mmoja ana sehemu yake, ni sehemu yako tu ndiyo waweza kuiusia.

Hatua ya 3: Madeni na amana

Kaa na karatasi ya pili. Unayodaiwa, unayodai, na ulivyowekewa. Mtu wa heshima mtaani huwekewa vitu: fedha ya upatu, dhahabu ya shangazi, hati ya kiwanja ya rafiki aliye Muscat. Usipoandika, vitahesabiwa mali yako na kugawanywa, na mwenyewe akija ataonekana tapeli.

Wanaume wa Kiislamu, liko deni moja ambalo hulisahau kwa sababu halina mdai mkali. Ni mahari. Kama uliahidi mbele ya shehe na hukumaliza, lililobaki ni deni juu yako, na hutolewa kabla ya fungu lolote la urithi. Mkeo halipwi mahari yake kwa kupewa thumni. Hiyo thumni ni haki yake nyingine. Andika kiasi kilichosalia, au andika kwamba umekimaliza na yeye atie sahihi. Zaka ambayo hukuitoa na kafara zilizobaki nazo ziandike hapa.

Hatua ya 4: Amua nani anapata nini

Kwa Mwislamu mipaka ni miwili. Wosia hauvuki theluthi ya kilichobaki baada ya gharama za mazishi na madeni, na hauendi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi, ila warithi wengine wakiridhia. Kwa hiyo huwezi kumwongezea mtoto umpendaye kwa njia ya wosia, wala huwezi kumnyima mtoto aliyekukera. Wengi wakisikia hivyo hufunga daftari. Wasifunge, maana theluthi hiyo ndiyo mlango wa watu ambao mafungu hayawafikii.

Wa kwanza ni wajukuu yatima. Mwanao wa kiume akifa kabla yako na ukaacha wana wengine wa kiume, watoto wa yule aliyekufa hawapati kitu katika mirathi yako. Ami zao wamewazuia. Watoto wale wale uliowalea uwani kwako. Wa pili ni mtoto wa nje ya ndoa, ambaye kwa sheria ya Kiislamu hamrithi baba. Wa tatu ni mke asiye Mwislamu, na ndoa za namna hiyo hapa Tanga si chache. Wa nne ni mtoto wa kulea. Hao wote mlango wao ni wosia.

Tuone kwa hesabu. Tuseme mzee ameacha mali ya shilingi 60,000,000. Mazishi, madeni na mahari iliyobaki vikala 6,000,000. Zimebaki 54,000,000. Theluthi yake ni 18,000,000, hapo ndipo ukomo. Yeye aliusia 6,000,000 kwa wajukuu wawili yatima. Zimebaki 48,000,000 za kugawanywa kwa mafungu. Wazazi wake walishatangulia. Mjane anapata thumni, yaani 6,000,000. Hizo 42,000,000 ni za watoto, wa kiume wawili na wa kike mmoja, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike: kila mwana 16,800,000 na binti 8,400,000. Bila ile mistari miwili ya wosia, wajukuu wangetoka mikono mitupu, na hakuna hakimu ambaye angewasaidia kwa fungu ambalo halipo.

Kama nia yako ni kumpa mtoto kitu fulani hasa, fanya hiba ukiwa mzima. Lakini hiba ni kutoa na kukabidhi: ahamie, karatasi ibadilishwe jina, kodi apokee yeye. Kusema "chumba hiki ni chako nikifa" si hiba, ni wosia kwa mrithi, na ndugu zake wakikataa umeanguka. Hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti nayo hubanwa na theluthi.

Kwa anayefuata sheria ile ya 1865 hakuna ukomo wa theluthi; anaweza kugawa apendavyo. Asipoandika, mjane mwenye watoto hupata theluthi na watoto theluthi mbili. Kwa anayefuata mila, kumnyima mrithi kunahitaji sababu zinazotambuliwa: kuzini na mke wa mtoa wosia, kujaribu kumuua au kumdhuru yeye au mama yake, kumtelekeza katika njaa au ugonjwa bila sababu. Ni lazima useme wazi ndani ya wosia kwamba unamnyima na kwa nini, na yeye apewe nafasi ya kujitetea mbele yako au mbele ya baraza la ukoo. "Haji kunisalimia" haimo.

Na kwa wote: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika kwa kiasi cha haki na mali ya mzazi wake. Usipange kana kwamba mtoto wa miaka mitano hayupo.

Hatua ya 5: Teua msimamizi, na mlezi wa watoto

Bila wosia, ukoo hukaa kikao, huandika muhtasari, hupendekeza mtu, na mara nyingi hupendekeza mkubwa wa umri au mwenye sauti. Ukiandika wosia unamteua mwenyewe, na mahakama huanzia kwa huyo.

Usimteue mtoto wa kwanza kwa sababu tu ndiye wa kwanza. Tafuta anayesoma karatasi kabla ya kutia sahihi, asiye na madeni ya kumtia tamaa, anayeelewana na mjane, na aliye karibu. Wa Mbeya au Dubai ni fimbo ya mbali. Binti anaweza. Mke anaweza. Mwombe kwanza akubali, kisha andika na wa akiba, maana msimamizi naye ni binadamu.

Kama una watoto wadogo, taja atakayewalea endapo mama yao naye hayupo. Mlezi na msimamizi si lazima wawe mtu mmoja. Mama mdogo anaweza kuwa na mkono mzuri wa kulea na asijue kabisa kushika hesabu.

Hatua ya 6: Andika

Kwa mkono au kwa kompyuta, Kiswahili cha kawaida, peni isiyofutika. Fungua hivi:

"Mimi (jina kamili), mwenye kitambulisho cha taifa namba (…), mkazi wa mtaa wa (…), kata ya (…), Tanga, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, natamka kuwa huu ndio wosia wangu wa mwisho. Nafuta kila wosia nilioutoa kabla ya leo, wa maandishi au wa mdomo. Mimi ni (dini), na nataka mirathi yangu ifuate sheria ya (…)."

Fuatisha familia: mke au wake, watoto wote kwa majina na tarehe za kuzaliwa. Wote maana yake wote, hata yule wa Korogwe ambaye hujamtaja nyumbani. Akitokea msibani ameshika mkono wa mama yake ndipo watu wanapofahamu, na msiba unageuka kitu kingine. Afadhali ajulikane kwa kalamu yako.

Kisha mali, madeni, amana, wanaousiwa, msimamizi, mlezi, na maelekezo ya mazishi ukiwa nayo. Unataka kuzikwa hapa Tanga au upelekwe Lushoto kwenu? Ugomvi wa wapi azikwe hutangulia ule wa mali, na huwa mchungu zaidi.

Andika namba kila ukurasa, "1 kati ya 3" na kuendelea. Tia sahihi chini ya kila ukurasa, na tarehe mwishoni. Ukikosea neno usifute kwa wino mweupe. Piga mstari, andika juu yake, wewe na mashahidi mtie sahihi pembeni. Au andika upya, karatasi ni rahisi.

Hatua ya 7: Mashahidi

Kwa mila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua, wanne, wawili kwa wawili. Wosia wa mdomo nao unataka wanne kwa mpangilio huo huo. Juu ya hao, mke au wake waliopo nyumbani hushuhudia pia. Kwa sheria ya 1865, wawili au zaidi, nawe utie sahihi. Kwa Uislamu, aya ya 106 ya Suratul-Maida inataja mashahidi wawili waadilifu.

Ushauri wangu ni kuita wanne watu wazima wanaojua kusoma, wawili wa ukoo na wawili wa nje, wote wakae chumba kimoja wakuone ukitia sahihi, kisha watie zao na namba zao za simu. Anayefuata mila akiongeza na mke au wake zake, pande zote zitakuwa zimetoshelezwa. Si lazima wasomewe kilichomo. Wanashuhudia sahihi yako na akili yako. Ila sharti moja halina mjadala: kati ya hao wanne asiwemo mtu anayepewa kitu ndani ya wosia huo, wala mwenza wake. Kwa sheria ya 1865 wosia utabaki, lakini zawadi ya shahidi au ya mwenza wake itafutika, ndiyo maana anayeifuata asimweke mkewe kuwa shahidi. Imamu wa msikiti wenu, mwalimu mstaafu wa jirani, mzee wa kanisa, hao wanafaa. Kwa mgonjwa au mzee sana, tafuta na daktari aandike kwamba siku hiyo alikuwa na fahamu zake.

Hatua ya 8: Hifadhi pasipo na kunguni wala mashaka

Chini ya godoro si mahali. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ulioanza mwaka 2006, huandika na kuhifadhi wosia kwa ada. Anzia ofisi ya wilaya, palepale watu wanapofuatilia vyeti vya kuzaliwa. Wakili anaweza kutunza, na wako wanaoacha kwa imamu au parokiani. Asiye na fedha ya wakili aulize kuhusu msaada wa kisheria wa bure. Tangu sheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi, na ofisi ya ustawi wa jamii itakuelekeza.

Popote utakapouweka, watu wawili wajue ulipo. Si lazima wajue ulichoandika. Wosia ambao haupatikani siku ya kikao ni sawa na usioandikwa.

Hatua ya 9: Urudie

Ukioa au kuolewa, ukiachana, ukipata mtoto, ukiuza kiwanja, msimamizi akifa, fungua bahasha. Kwa sheria ya 1865 ndoa mpya hufuta wosia wa zamani wenyewe tu. Kwa mila, wosia wa maandishi hauondolewi na maneno ya mdomo, hata uyaseme mbele ya ukoo mzima. Andika mwingine, weka tarehe, ule wa kwanza uuchane au uuondoe ulipohifadhiwa.

Ukitaka mzee wako naye aandike

Hapa adabu ndiyo kazi. Usimwendee na neno wosia mdomoni, ataona umemchoka. Mwanzo mzuri ni karatasi zako mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Nilikuwa napanga karatasi za kiwanja changu cha Pongwe, nikaona nimwandikie mama watoto kila kitu kilipo. Sijui zako baba ulizipanga wapi, nisije nikaulizwa nikakosa la kusema?"

Akikwambia ziko kwenye sanduku la mbao, siku hiyo inatosha. Siku nyingine atalifungua mwenyewe. Wewe uandike tu anachokisema, umsomee, na wakati wa kutia sahihi utoke nje, kwa sababu wewe ni mrithi na hutakiwi kuonekana umemwongoza mkono.

Kitakachofuata siku ikifika

Msimamizi atachukua cheti cha kifo RITA, wosia halisi na si nakala, muhtasari wa kikao cha familia kwa kuwa mahakama bado huuliza, na vitambulisho vya warithi. Kwa mirathi ya Kiislamu au ya kimila ataanzia Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa anaishi marehemu. Nyingine huenda ngazi za juu, na Tanga tuna kanda ya Mahakama Kuu hapa hapa. Akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne kurudisha fomu namba 5 ya orodha ya mali na namba 6 ya hesabu, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Yule msimamizi ambaye marehemu alimwachia daftari la hatua ya pili hujaza fomu namba 5 kwa jioni moja. Asiyeachiwa kitu huanza kwa kumfuata shemeji Muheza kuulizia karatasi.